Rangi ya Maini: Ndoo Arobaini za Kijivu

Wiki iliyopita tulimwacha Joweria, mpishi, ndani ya chumba cha baridi, kifuniko cha ndoo mkononi, na nyuma yake Madam Sundus, mwenye jiko, anauliza: "Hicho ni nini?"

Hajajibu bado. Nanyi mngejibu nini?

Chakula cha paka kinachopikwa katika jiko lile la Satwa, Dubai, nyuma ya magereji, hutoka na rangi ya maini ya kukaanga. Ndiyo sifa yake, ndiyo iliyolipa jiko jina. Lakini ndani ya ndoo ile kulikuwa na kitu cha kijivu, kijivu cha majivu ya mkaa, na pembezoni kimeanza kuingia ukijani.

"Nimekuuliza, Joweria."

"Ni chakula, madam."

"Chakula! Bibi yangu Unguja, Mungu amrehemu, rangi hiyo alipaka ukuta wa choo."

Madam akafungua ndoo ya pili. Ya tatu. Ya nne. Zote zilikuwa ndugu, baba mmoja mama mmoja.

"Ndoo arobaini," akasema, na sauti yake ikashuka. Sauti ya Madam Sundus ikishuka, watu hutafuta mlango. "Na kule hoteli ya paka, Al Mankhool, leo siku ya tatu, tangu wafungue ndoo mpya, paka hawali. Wananusa, wanageuza mkia. Nabil, meneja wao, anakuja saa kumi. Kabla hajafika nataka kujua kimeharibiwa na nini na nani kakiharibu. Usiponambia, viza yako inakwisha mwezi huu na mie siitii saini. Khalas."

Akatoka. Mlango wa chumba cha baridi ukajifunga wenyewe, taratibu, kama mtu asiyetaka ugomvi.

Joweria akakaa juu ya kreti. Miaka kumi na mmoja alikuwa Dubai, na magoti yake yalikuwa yamehesabu kila mmoja. Alikuwa amechoka kule kuchoka ambako ukilala unaamka nako. Nyumbani Masaka, Uganda, bintiye Ritah alikuwa chuo cha uuguzi, amebakisha mwaka. Mwaka mmoja tu, mama, vumilia. Joweria alikuwa ameuvumilia huo mwaka mmoja mara kumi na moja.

Mlango ukafunguka. Akaingia Wanjiku, msaidizi wake, Mkenya wa Nyeri, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mcheshi hata kwenye msiba.

"Mathe, madam ametoka huko kama amekunywa petroli. Kuna nini?"

Joweria akamwonyesha ndoo.

Wanjiku akatazama. Ucheshi ukamtoka usoni. "Haiya," akasema, basi.

"Unga mpya wa madini ulifunguliwa lini?" Joweria akauliza.

"Si ni siku ya kwanza ya Ramadhani. Leo ni siku ya tisa."

"Na ndoo hizi zilifungwa tangu lini?"

Wanjiku akapiga hesabu kwa vidole. "Ni kama... hizo siku tisa."

"Mpigie Jaafar simu," akasema Joweria. "Mwambie aje sasa hivi, na asije na maneno mengi."

*

Jaafar alikuja, na maneno mengi alikuja nayo. Ndiye aliyewaletea magunia ya unga wa madini wa kuchanganya na chakula, Mmombasa wa Majengo, ana gari moja bovu na ulimi mzima.

"Mamangu Joweria! Wanitia kesi? Mimi? Kwa swaumu hii?"

"Unga wako umenigeuzia chakula majivu."

"Unga wangu! Wallahi unga wangu ni uleule, kiwanda kilekile. Chokaa ya mifupa imo, chuma imo, zinki imo, shaba kiduchu imo. Paka wako asipoula, mifupa itamlegea na manyoya yatamtoka kama mzee wangu kichwani. Sasa kosa liko wapi?"

"Rangi, Jaafar. Itazame rangi."

Akaitazama. Akainusa. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Subhanallah. Hiki wampa paka ama wamfukuzia?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Na wewe si mpishi? Hukuonja?"

Swali hilo lilimchoma Joweria.

Maana siku nyingine zote huonja. Ndiyo, chakula cha paka. Wanjiku humcheka mpaka machozi, lakini Joweria alifundishwa na mamake kwamba chungu usichokionja si chako. Hutia ncha ya ulimi, akatema, akajua chumvi ya kuku na utamu wa malenge. Ila huu ulikuwa mfungo. Wapo wanaosema mpishi ana ruhusa, ataonja kwa ncha na kutema. Yeye hakutaka kubishana na Mungu kwa ajili ya paka. Kwa siku tisa hakuonja.

"Sikuonja," akasema.

"Haya basi! Kesi yangu imekwisha."

"Haijaisha. Kaa hapo."

Akainuka, magoti yakalia. Kwenye rafu ya juu alikuwa na chupa ya jemu yenye unga wa gunia la zamani. Alikuwa na tabia ya kubakiza, hatupi kitu. Akapasha mchuzi wa kuku na maini, akaumimina kwenye mabakuli matatu. La kwanza likiwa linatoka moshi, akatia unga wa zamani. La pili likiwa linatoka moshi, akatia unga mpya wa Jaafar. La tatu akaliweka ndani ya maji ya barafu, akalingoja lipoe kabisa, ndipo akatia unga mpya uleule.

"Sasa tunangoja," akasema.

"Tunangoja nini?"

"Ukweli. Huwa hauna haraka kama wewe."

Baada ya nusu saa wakainama wote watatu juu ya bakuli.

La tatu, lililopoa, lilikuwa na rangi ya maini, linang'aa. Mawili ya moto yalikuwa yamefifia, yanaelekea kijivu. La unga mpya. Na la unga wa zamani pia.

Jaafar akapiga meza. "Alhamdulillahi! Umeona? Si unga! Ni moto! Niombe radhi, mamangu, tena kwa sauti."

"Niwie radhi, Jaafar."

"Sauti ndogo hiyo, lakini ntaipokea." Akatoa mkebe mfukoni, akauacha juu ya meza. "Na nimekuletea sampuli, unga mwekundu. Ni kutu ya chuma tu iliyosafishwa. Haidhuru, haina ladha, ni ya kupendeza macho. Madam wako aliniuliza juzi."

Akaenda zake, anaimba kaswida. Joweria hakuutazama ule mkebe. Alikuwa amesimama palepale, anawaza jambo moja.

Yeye unga huutia chakula kikishapoa. Siku zote, miaka yote. Anazima jiko, anangoja saa mbili, ndipo anatia. Basi nani aliutia katika moto?

Akageuka.

Wanjiku alikuwa anaosha bakuli lililokwisha takata.

"Binti yangu."

"Usiniite hivyo, mathe. Ukiniita hivyo nitalia."

*

Mambo yalikuwa hivi, na myasikie kwa utulivu kwa sababu hayana mwovu ndani yake.

Ramadhani inapoingia, saa za kazi hupunguzwa mbili. Joweria, aliyefunga, hutoka saa nane badala ya saa kumi. Saa mbili zile ndizo za kupoza sufuria. Wanjiku ni Mkristo wa kanisa la kila Ijumaa, kama ilivyo Dubai, hafungi, na siku ile ya kwanza alimwona Joweria anashika ukuta kwa kiu. Akamwambia: nenda ukalale, mathe, nitamalizia. Joweria akaenda, akamwombea dua njiani, na kila siku ikawa vivyo hivyo.

"Ulimaliziaje?" akauliza sasa.

"Nilitia unga, nikakoroga, nikafunga ndoo. Kama wewe."

"Ikiwa imepoa?"

Wanjiku akafunga bomba. "Ikiwa ya moto. Madam alisema niende saa nane pia, nikaona nitangoja saa mbili nafanya nini? Na nikafikiria, kwetu chumvi tunatia mchuzi ukichemka, ndiyo iingie. Sasa hii si ni kama chumvi tu? Ikitiwa kwa moto itashika vizuri."

"Si chumvi, mwanangu. Ni chuma. Ni shaba. Chuma na mafuta ya moto haviketi nyumba moja. Mafuta yanachacha, rangi inakufa, na ladha inakuwa kama umelamba msumari. Paka anaijua kabla hajafika kwenye sahani."

"Hukuwahi kuniambia."

"Kweli. Sikukwambia. Niliona unanitazama kila siku, nikadhani umeona."

"Mimi nilikuwa naona mzee anapumzika sufuria ikipoa. Nilidhani unapumzisha magoti."

Wakatazamana. Wakacheka, kicheko kibaya cha watu waliochoka, kisha Wanjiku akaanza kulia kwelikweli.

"Atanirudisha. Mathe, sijamaliza hata miezi sita. Mtoto wangu ana miaka minne, yuko na mamangu, tena mamangu mwenyewe anashikiwa kikombe."

"Nyamaza. Menya malenge. Saa kumi si mbali."

Madam Sundus akaingia, abaya inapepea. "Enhe? Umejua?"

"Nimejua, madam. Ni moto. Unga ulitiwa kabla sufuria haijapoa."

"Nani kautia?"

"Jiko ni langu, madam."

"Sikuuliza jiko la nani."

"Najua, madam."

Madam akamtazama yeye, akamtazama Wanjiku na macho yake mekundu, akaitazama saa ya ukutani. Saa ikamwokoa mtu. "Yalla, pika. Hili tutalirudia."

*

Nabil alifika saa kumi kamili. Alikuwa mtu wa Malindi, meneja wa ile hoteli ya paka, mpole wa sauti. Na mjue, wapole wa sauti ndio wa kuogopwa. Alikuja na kikapu, na ndani ya kikapu paka mzee wa manjano, mnene kama mto wa sebuleni.

"Huyu twamwita Arbab, yaani bwana mkubwa," akasema. "Kwa sababu sote twamtumikia yeye. Akila huyu, watakula wote."

Joweria akaweka sahani chini. Chakula kilikuwa kimepozwa kwa barafu, unga umetiwa mwisho, rangi ya maini ile ya sifa.

Arbab akanusa. Akazunguka sahani. Akaketi, akaitazama dari.

Hakuna aliyepumua.

Paka akapiga mwayo. Akainama. Akalamba mara moja, akafikiri, akalamba mara ya pili, kisha akatia uso mzima, na sahani ikaanza kutembea sakafuni kwa jinsi alivyoisukuma.

"Mashaallah," akasema Nabil. "Haya. Na kile kibovu kilikuwa na nini?"

"Kosa la jikoni," Madam akajibu haraka. "Limekwisha. Vilivyobaki vyote tumemwaga."

Joweria akainua uso. Ndoo arobaini zilikuwa nyuma ya ukuta, hatua nane kutoka pale.

"Vyema," akasema Nabil. Akambeba Arbab wake, akatoka.

Mlango ulipofungwa, Wanjiku akashika kifua. Joweria akatafuta kiti. Ilikuwa imekwisha. Angeenda chumbani akanyooshe miguu mpaka adhana.

"Usikae," akasema Madam.

Alikuwa ameushika mkebe wa Jaafar.

"Toeni zile ndoo."

"Zipi, madam?"

"Zile. Arobaini. Wanionaje, Joweria, mie nitamwaga kuku wa siku tisa? Huu wekundu hauna dhara, Jaafar mwenyewe kasema. Tia, koroga, zitarudi rangi. Zitakwenda kwa wateja wadogo, wa majumbani, sio kwa Nabil."

"Madam, rangi itarudi. Mafuta hayarudi. Yameshachacha."

"Paka hajui rangi, mwenye paka ndiye anayejua. Na anayenunua ni nani?" Akafungua mkoba, akatoa karatasi, akailaza mezani kando ya mkebe. Ilikuwa fomu ya viza, imeshachapwa, jina la Joweria juu, na chini nafasi nyeupe ya saini. "Miaka miwili mingine. Ukimaliza ndoo ya mwisho, natia saini. Na sitouliza tena nani katia unga kwenye moto. Hapo nimesema nini kibaya?"

Hakusema kibaya hata kimoja, wasomaji wangu. Ndivyo hatari huja siku hizi, imevaa abaya safi na inanukia udi.

Wanjiku akaleta ndoo moja. Joweria akachota kijiko kimoja cha unga mwekundu, akakoroga.

Na wallahi ilikuwa ajabu. Ule ukijivu ulikimbia. Ukaja wekundu hafifu, ukaja ukahawia, chakula kikaiva kikawa rangi ya maini, tena nzuri kuliko ya halali. Hata yeye angekinunua. Akainama akanusa, na chini ya uzuri ule harufu ilikuwa palepale, ile ya mafuta ya jana kutwa, inamngoja.

"Umeona?" Madam akanong'ona, karibu kwa furaha. "Yalla. Thelathini na tisa."

Joweria akashika mwiko. Mwaka mmoja tu, mama. Akachota kijiko cha pili.

"Madam Sundus."

Wote wakageuka. Nabil alikuwa amesimama mlangoni. Mkono mmoja nyuma ya mgongo, simu katika mkono wa pili, bado inawaka.

"Nilifika kwenye gari nikapigiwa simu," akasema kwa upole wake. Macho yake yakatembea juu ya ndoo, ndoo, ndoo. "Kumbe hamkumwaga."

"Hizo ni mpya," Madam akasema. "Tazama rangi."

"Naiona. Nzuri sana." Akamgeukia Joweria. "Mama, wewe ndiye mpishi. Nikizichukua hizi, paka wangu watakula?"

Fomu ilikuwa pale. Angeweza kuigusa kwa kidole kidogo. Madam hakusema neno, aliweka tu kalamu juu yake, polepole.

Joweria alikuwa amechoka. Uongo nao ni kazi, unataka nguvu, na yeye nguvu za siku ile alikwisha zimaliza kwa kusimama.

"Hawatakula, sir," akasema. "Rangi hiyo ni ya macho yako wewe. Chakula kimekufa zamani."

"Joweria!"

Madam akaichukua fomu. Hakuipasua. Aliikunja mara mbili, akaitia katika mkoba, akaufunga zipu, na sauti ya ile zipu Joweria aliisikia mpaka Masaka.

"Banange, jamani," akanong'ona. Lakini mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya kilima.

Alidhani imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Nabil akautoa ule mkono uliokuwa nyuma. Ulikuwa umeshika kifuniko cha ndoo iliyopelekwa hotelini kwake.

"Nashukuru kwa ukweli, mama. Sasa nisaidie na mwingine. Paka mmoja alikila kile kibovu, njaa ilimshinda. Tangu jana yuko kwa daktari, hajafungua macho. Mwenye paka ni mtu mkubwa, simtaji, ndiye aliyenipigia. Hataki radhi, hataki ndoo nyingine. Ataka jina la aliyeifunga ndoo, kesho asubuhi, na anasema mtu huyo hatolala tena Dubai."

Akakilaza kifuniko mezani. Kila mpishi wa jiko lile huandika jina lake juu ya kifuniko cha ndoo aliyoifunga, kwa kalamu nene nyeusi. Pale palikuwa pameandikwa, kwa herufi za mviringo, nzuri, za mtu aliyesoma mpaka sekondari: Joweria.

Joweria akakitazama. Yeye aliishia darasa la nne. Herufi zake husimama moja moja kama watu wasiosalimiana.

Nyuma yake akasikia pumzi ya Wanjiku ikikatika. Joweria alijua kwa nini Wanjiku aliandika vile. Hakuandika kwa hila. Ilikuwa sufuria ya Joweria, Wanjiku aliimalizia tu, na kwa heshima akampa mwenye sufuria jina lake.

Ukweli wa kwanza Joweria aliulipia mwenyewe. Huu wa pili ungelipiwa na mtoto wa miaka minne huko Nyeri.

"Ni jina langu, sir," akasema.

"Naona ni jina lako." Nabil akaiokota kalamu aliyoiacha Madam, akamnyooshea, kwa adabu, kama mtu anayemkaribisha mgeni kahawa. "Basi liandike hapa, kando ya hili. Nilinganishe."

Joweria akaishika kalamu. Mkono wake ulijua namna moja tu ya kuliandika jina lile.